Yenko, Bloku Kubwa na Karatasi za Bima

Kwenye gereji ninayofanyia kazi hapa Ohio, gari kuukuu la Kimarekani likiingia bila injini, ubishi huanza kabla mwenye gari hajavua koti. Vijana husema tufunge kubwa. Mimi husema ndogo, nao hunitania kwamba nimelelewa Tanga, nilikozoea kushusha injini za petroli za Land Rover na kufunga dizeli za Kijapani ili tajiri apumue akifika kituo cha mafuta. Ni kweli, huko ndiko nilikofundwa. Lakini ubishi wenyewe umenizidi umri, na anayetaka kuuelewa namwambia aanze na Don Yenko, muuza magari wa mji mdogo wa Canonsburg, Pennsylvania. Alipata jina kwa injini kubwa, kisha miaka mitatu baadaye akauza ndogo.

Ndogo, ndugu msomaji, ni kwa kipimo cha huku. Bloku ndogo ya Chevrolet ilitoka kwa magari ya mwaka 1955, silinda nane za V, inchi za ujazo 265, yaani lita 4.3. Ed Cole na wahandisi wake walitaka injini nyepesi isiyo na mbwembwe kiwandani: kuta za bloku nyembamba, na roka za bati zilizokaa kila moja kwenye msumari wake badala ya kupangwa kwenye shafti zito. Kufikia mwaka 1957 ilikuwa imefika inchi 283, na ile yenye sindano za mafuta badala ya kabureta ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283, moja kwa kila inchi. Baadaye zikaja 327 na 350. Kwa nje zilibaki zile zile. Maunting na bolti za giaboksi hazikuhama, kwa hiyo kijana mwenye winchi na mti wenye tawi imara uani kwao aliweza kutoa moja akaweka nyingine kati ya Jumamosi na Jumapili. Nina hakika kwamba hilo, kuliko mbio zozote, ndilo lililoieneza Marekani nzima.

Bloku kubwa ilizaliwa kwa sababu magari yalinenepa. Ilianza na 348 ya mwaka 1958, ambayo malori pia yalifungiwa, ikafuata 409, kisha mwaka 1965 ukaja ukoo mpya: 396, halafu 427 ya lita 7, na mwaka 1970 ile 454. Ikiwa ya chuma tupu, bloku ndogo ina kilo kama 260 hivi. Kubwa inakaribia 310. Hizo kilo hamsini zote zinakaa juu ya magurudumu ya mbele, na dereva huzisikia mikononi kila akikata kona.

Sasa, mtu angedhani injini kubwa ilitiwa kwenye magari madogo na wakubwa wa kampuni wenyewe. Wapi! Wao waliikataza. Mwaka 1963 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac, ilijitoa kwenye mashindano, na magari yake ya ukubwa wa kati yaliwekewa kikomo cha inchi 330. Pale Pontiac, John DeLorean na wenzake Bill Collins na Russ Gee walikuwa na Tempest, gari la kati, na karibu yake 389 ya magari makubwa ya Pontiac. Maunting zililingana. Wakaona sheria inazungumzia modeli ya gari, haizungumzii vifaa anavyoviongeza mteja, basi wakaiingiza 389 kama kifaa cha kuongezea na kuiita GTO. Walipanga kuuza magari 5,000. Mwaka huo wa 1964 yakauzwa 32,450. Wakubwa walioona hesabu hizo hawakumwadhibu mtu. Walipandisha kikomo hadi inchi 400.

Kikomo hicho kipya ndicho kilichomfungulia Yenko duka la pili. Camaro ya Chevrolet ilipotoka, ikiwa modeli ya mwaka 1967, injini yake kubwa kabisa ilikuwa 396, huku Corvette ikiruhusiwa 427. Kwa umbo la nje injini hizo mbili ni pacha. Yenko, aliyekuwa dereva wa mbio za Corvette, aliagiza Camaro za 396, akazishusha injini, akafunga 427 na kuuza gari likiwa na dhamana na jina lake. Hakukata chuma wala kuhamisha maunting. Alichofanya kilikuwa kazi ya wikiendi ile ile ya uani, ila yake ilikuja na risiti. Nickey kule Chicago, Dana California na Motion huko New York walikuwa kwenye biashara hiyo hiyo. Mwaka 1969 Yenko aliona kubadilisha moja moja kunamchelewesha, akatumia njia ya maagizo maalumu iliyokusudiwa teksi na magari ya polisi, na kiwanda chenyewe kikamletea Camaro zenye 427 tayari. Wakubwa walikuwa wameikataza injini hiyo kwa Camaro, na karani wa maagizo akawa anaipitisha kwa namba ya fomu.

Upande wa Dodge kulikuwa na kichekesho chake. Dart, gari jembamba, lilifungiwa 440 ya lita 7.2, na chumba cha injini kikajaa hadi pampu ya kulainisha usukani ikakosa pa kukaa. Mwenye gari alipata nguvu za lori na usukani wa kupigana nao kwenye maegesho. Mimi siliiti gari hilo kosa, kwa kuwa waliolinunua walitaka robo maili moja iliyonyooka, na robo maili haina kona.

Penye kona, hadithi ilikuwa nyingine. Mashindano ya Trans-Am yalikuwa na kikomo cha lita 5, basi Chevrolet ikachukua bloku ya 327, ikatia krenki shafti ya 283 na kupata inchi 302. Hiyo ndiyo Camaro Z/28, ambayo mimi ningeichukua mbele ya 427 yoyote. Kule kwetu Afrika Mashariki ushahidi ulikuja mapema zaidi. Kwenye Safari Rally ya mwaka 1964, Mercury ilileta kutoka Marekani kikosi cha Comet zenye V8. Tope na mawe vikazila nyingi kabla ya mwisho, na mshindi akawa Peter Hughes wa Kenya ndani ya Ford Cortina GT ya lita moja na nusu.

Kilichombadilisha Yenko, hata hivyo, hakikuwa kona wala tope. Mwaka 1969 alifunga 427 kwenye Nova chache, gari jepesi kuliko Camaro, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba zilikuwa kali kupita kiasi. Kampuni za bima nazo zilishajifunza kusoma fomu. Mnunuzi alikuwa kijana, gari jepesi, injini ya lita 7. Ada ikapanda au bima ikakataliwa kabisa. Yenko akafanya hesabu ya muuza duka. Kwa mwaka 1970 aliagiza Nova zenye LT-1, bloku ndogo ya inchi 350 yenye nguvu za farasi 360, akaziita Deuce. Kwa karani wa bima, 350 ilikuwa injini ya gari la kwendea kazini. Kwa aliyekaa nyuma ya usukani, haikuwa hivyo hata kidogo, na pua ya gari ilikuwa imepunguziwa zile kilo hamsini.

Miaka iliyofuata haina raha kuisimulia. Mwaka 1971 General Motors ilishusha mgandamizo wa injini ili zikubali petroli yenye oktani ndogo, mwaka 1972 nguvu zikaanza kutangazwa zilivyo injini ikiwa imevaa vifaa vyake vyote, na Oktoba 1973 mafuta ya Waarabu yakafungwa.

Siku hizi vijana wetu wana mjukuu wa kubishia. Injini za LS, zilizoanza na Corvette ya mwaka 1997, zina umbali wa inchi 4.4 kati ya katikati ya silinda moja na nyingine, sawasawa na ile ya Ed Cole. Zile za alumini hazizidi sana kilo 200. LS3 ya mwaka 2008 ilitoa nguvu 430 zilizopimwa kwa kipimo kikali cha leo, wakati 454 maarufu ya Chevelle ilitangazwa 450 kwa kipimo legevu cha zamani. Kubwa bado ina mvuto wake: inavuta kutoka mizunguko ya chini kama trekta, na hakuna ekzozi ya LS inayounguruma vile. Gari likiwa lilitoka kiwandani na bloku kubwa, naacha kubwa, na atakayeligusa na aombe ruhusa kwanza.

Lakini Nova iliyozaliwa na silinda sita, ukitaka kuifungia 454, inadai springi za mbele nyingine, radieta pana, ekzozi ya kukwepa boksi la usukani, na mara nyingi difu nyingine nyuma. Ukiifungia 350, sehemu kubwa ya pesa hiyo inabaki mfukoni. Hapo ndipo huwaambia wenye magari waanze na breki, kwa sababu Nova za kawaida za miaka ile zilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne.