Nambari za Bunduki za Marisau: Asili Yake na Maana Yake

Mtu aonaye bunduki mbili za marisau zimewekwa pamoja, moja ya nambari 12 na ya pili ya nambari 20, hudhani mara moja kwamba ile ya 20 ndiyo kubwa. Katika hesabu ya mbuzi au ya shilingi dhana hiyo ni sawa. Katika hesabu ya mitutu mambo ni kinyume. Wala kosa hili si la kuchekwa tu, maana limewavunja watu mikono, kama tutakavyoeleza. Basi tumeona yafaa tuwaandikie wasomaji wetu asili ya nambari hizo, na jinsi wawindaji wa zamani walivyochagua, wengine kwa akili na wengine kwa tamaa ya ukubwa.

Hapo kale fundi wa Uingereza alitwaa ratli moja ya risasi, yaani gramu 454, akaiyeyusha na kuigawa iwe vidonge 12 vilivyo sawasawa. Mtutu ambao kidonge kimoja chaingia ndani yake barabara uliitwa wa 12. Ratli ikigawanywa mara 20, kila kidonge huwa kidogo zaidi, na mtutu wake mwembamba zaidi. Kwa vipimo vya leo mtutu wa 12 una upana wa milimita 18.5, wa 16 una 16.8, na wa 20 una 15.6. Mwaka 1868 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kujaribia mitutu, na ndani yake nambari hizo ziliwekewa vipimo vya inchi, fundi asije akaongeza au kupunguza apendavyo. Ile bunduki ndogo iitwayo .410 peke yake haimo katika hesabu ya ratli. Hiyo jina lake ni upana wake kwa inchi. Kama ingalihesabiwa kwa ratli, ingalikuwa ya 67 hivi.

Wasafiri wa karne ya 19 waliokuja kuwinda Afrika walipenda nambari ndogo, yaani mitutu mikubwa. Samuel Baker, aliyefika ziwa la Mwitanzige katika Uganda mwaka 1864, alichukua bunduki moja iliyopiga kombora la nusu ratli. Msomaji aweza kuhesabu mwenyewe: nusu ratli ni nambari 2. Waarabu waliofuatana naye waliiita mtoto wa mzinga, na jina lilistahili, kwa kuwa kila ilipolia ilimzungusha Baker, naye alikuwa mtu wa nguvu nyingi.

Habari ya Frederick Selous yafundisha zaidi. Alifika Afrika Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19, akawinda tembo katika nchi ya Wamatabele kwa bunduki za nambari 4. Hizo hazikuwa bunduki za tembo hata kidogo. Zilikuwa bunduki za kupigia bata, za namna isiyo ya thamani, nazo zilipakiwa kwa mdomoni. Baruti aliichukua katika mfuko wa ngozi kiunoni, akaichota kwa mkono pasipo kuipima, kisha akashindilia risasi ya robo ratli. Tembo alipata wengi kwa miaka mitatu. Lakini baadaye aliandika mwenyewe kwamba mapigo ya bunduki zile begani yaliharibu utulivu wake, hata shabaha yake haikuwa tena kama ilivyokuwa, na kwamba alijuta kuzijua. Maneno hayo si ya mtu mwoga. Ni ya yule aliyeuawa vitani huko Beho Beho, upande wa mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake lipo huko hata leo.

Sasa, kwa nini ikatawala 12, si 14 wala 10? Zamani za kupakia kwa mdomoni nambari haikuwa na shida: mwenye bunduki ya 13 au 15 alitia baruti na marisau kadiri alivyoona. Mfaransa Casimir Lefaucheux ndiye aliyegeuza mambo kwa bunduki yake inayovunjika katikati, ikitiwa ganda la karatasi lenye baruti na marisau tayari. Ilionyeshwa London katika maonyesho makuu ya mwaka 1851, na mafundi wa Uingereza wakaifuata. Tangu hapo bunduki ikawa mtumwa wa duka: ganda likikosekana dukani, bunduki ni fimbo. Wenye duka hawakuweza kuweka kila nambari, wakaweka ile iliyopendwa na wengi. Zile kubwa zilizosalia zilitumiwa na wauza nyama ya bata. Huko Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao, ilikatazwa kuwapiga kwa bunduki iliyo kubwa kuliko 10.

Kwa mtu wa leo mwenye kibali, anayetaka kupiga kanga na kwale au kulenga vigae vinavyorushwa, shauri ni kati ya 12 na 20. Asidhani kwamba chembe za 12 hukimbia sana kuliko za 20. Mwendo wake ni karibu sawa. Tofauti ni wingi. Kwa marisau nambari 6 ya Kiingereza, ganda la kawaida la 12 lina chembe 287, la 20 lina 219, na ganda fupi la .410 lina 118 tu. Kwa hiyo sisi hatukubaliani na desturi ya kumpa kijana .410 kwa sababu ni nyepesi. Chembe chache humjeruhi ndege akaenda kufia kichakani, na kijana akakata tamaa. Afadhali apewe 20. Na mtu mzima anayetembea kutwa nzima vilimani naye asione haya kuichukua. Mafundi wa Uingereza walikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisau yake. Basi gramu 30 za marisau zataka bunduki ya kilo 2.9 hivi. Mwenye kununua 12 iliyo nyepesi mno ajue kwamba bega ndilo litakalolipa.

Lakini nyumba yenye bunduki zote mbili ina hatari. Ganda la 20 likitiwa kwa haraka katika bunduki ya 12 haliangukii nje. Huteleza mbele kidogo, likakwama pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Mpigaji akivuta mtambo, husikia mlio mdogo tu. Akifungua, haoni kitu. Hutia ganda la 12 nyuma yake, akavuta tena, na mtutu ukapasuka mahali hasa panaposhikwa na mkono wa mbele. Kwa ajili hiyo viwanda vya Marekani, tangu miaka ya 1960, hutengeneza maganda ya 20 kwa rangi ya manjano. Mwenye bunduki za nambari mbili asichukue maganda ya namna mbili katika mfuko mmoja, na bunduki ikikataa kulia, aifungue na kuchungulia mtutu mpaka aone mwanga wa upande wa pili kabla hajatia ganda jingine.