Uvimbe Ulioitwa Jina Lisilo Lake

Hospitali ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Miaka 20 kabla yake, jijini Vienna, Theodor Billroth alikuwa amekata sehemu ya mfuko wa chakula wa Therese Heller iliyoshikwa na saratani, akaunganisha iliyobaki na utumbo. Mama huyo aliinuka kitandani, akaishi miezi minne hivi. Kisu, basi, kilitangulia. Kilichochelewa ni jina la uvimbe mmoja wa tumbo.

Saratani nyingi za tumbo huota kwenye utando wa ndani. Iko moja adimu, GIST, inayojificha ndani ya ukuta wenyewe. Mkazi wa Loresho, Nairobi, anayeteremka Waiyaki Way kwenda hospitali, kizunguzungu kimemshika na choo ni cheusi kama lami, huenda amekwisha kumeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Kamera ikishushwa kooni, daktari huona kinundu laini kilichofunikwa na utando ulio mzima kwa sehemu kubwa. Kibanio hunyofoa kijipande cha juu, na maabara hujibu: hakuna saratani. Maabara haikudanganya, ni kibanio ambacho hakikufika.

Kwa miongo mingi uvimbe huu ulihesabiwa kuwa wa misuli. Mwaka 1983 Mazur na Clark wa Marekani walilitilia shaka jina hilo. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake, Japani, wakaonyesha hitilafu katika jeni iitwayo KIT. Tangu hapo nyama iliyotolewa hupakwa kingamwili ya CD117, yaani protini ya KIT, kipimo ambacho Nairobi nayo inacho. Seli zikigeuka kahawia, mashaka hupungua sana.

Mpasuaji huukata uvimbe na ukingo wa nyama nzima, mara nyingi bila kuondoa mfuko wote wala kusaka tezi za limfu, kwa kuwa GIST huzifikia kwa nadra. Ila aubebe kama yai: ukipasuka tumboni, hatari ya kurudi huwa kubwa.

Mwaka 2000, mgonjwa mmoja Helsinki ambaye kisu kilimshinda alipewa imatinibu (Glivec), dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa saratani ya damu na ambayo huzuia KIT pia. Uvimbe ukanywea. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Ndiyo maana wagonjwa wa Kenya waliipata bure kupitia mpango wa msaada wa Glivec, kwenye kliniki ya Nairobi Hospital, wa GIST na wa saratani ya damu pamoja.

Aliyepewa jibu safi na choo bado ni cheusi, arudi kwa daktari aulizie picha ya CT.