Mlipuko wa kucheka wa Kashasha

Mlipuko wa kucheka wa Kashasha (pia: ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika, kwa Kihaya: enwara yokusheka, yaani "ugonjwa wa kucheka") ulikuwa mlipuko wa vipindi vya kucheka na kulia visivyozuilika. Ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, ambayo leo iko katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, Tanzania. Kutoka hapo ulienea katika vijiji na shule nyingine hadi karibu na mji wa Bukoba. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, watu wapatao 1,000 walipatwa na shule 14 zilifungwa kwa muda. Hakuna aliyekufa.

Tukio hili hufundishwa vyuoni katika saikolojia, tiba ya magonjwa ya akili na sayansi ya neva. Nje ya darasa husimuliwa zaidi kama kichekesho, lakini taarifa za madaktari waliowaona wagonjwa zinaeleza hofu na mateso, si furaha.

Usuli

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wiki chache tu kabla ya tukio. Wakati huo Kashasha ilihesabiwa katika wilaya ya Bukoba, mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Shule ya Kashasha ilikuwa shule ya kati iliyoendeshwa na misheni, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Bukoba mjini. Ilikuwa na wanafunzi 159, wengi wao wenye umri wa miaka 12 hadi 18.

Kuenea

Wa kwanza kupatwa walikuwa wasichana watatu. Idadi iliongezeka siku baada ya siku, na kufikia tarehe 18 Machi 1962, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 walikuwa wamepatwa. Walimu wao hawakupatwa hata mmoja.

Wasichana walirudishwa makwao. Baadhi yao walitoka Nshamba, na katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 wa huko walipatwa, wengi wao wakiwa watoto wa shule na vijana. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, lakini wanafunzi 57 walipatwa, na mwezi wa Juni ikafungwa mara ya pili. Mwezi huohuo wasichana 48 kati ya 154 walipatwa katika shule ya kati ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini. Kutoka Ramashenye ugonjwa ulifika Kanyangereka, ambako shule mbili za wavulana zilifungwa.

Kwa hiyo kuufunga mlango wa shule hakukuuzuia ugonjwa. Kulimpeleka kila mgonjwa kwao, kwa ndugu na majirani. Waandishi hutofautiana kuhusu muda wa mlipuko mzima, kati ya miezi 6 na 18.

Dalili

Mgonjwa kwa kawaida alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine saa au siku chache kabla. Kipindi kilianza ghafla, kwa kucheka na kulia, kikadumu dakika chache hadi saa kadhaa. Baada ya kutulia, kingeweza kurudi. Kwa baadhi ya wagonjwa hali hiyo ya kuja na kuondoka iliendelea hadi siku 16. Hakuna mtu aliyecheka mfululizo kwa miezi, ingawa habari za namna hiyo zimeenea sana.

Kicheko kiliambatana na kutotulia. Aliyejaribu kumshika mgonjwa kwa nguvu aliweza kupigwa. Baadhi ya wagonjwa walisema kuna vitu vinavyotembea kichwani mwao, wengine kwamba wanamwogopa mtu anayewakimbiza.

Uchunguzi wa kitabibu

Taarifa kuu iliandikwa na madaktari A. M. Rankin wa Makerere, Kampala, na P. J. Philip wa Bukoba. Ilitolewa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati.

Wagonjwa hawakuwa na homa wala degedege, na hawakuzimia. Mara nyingi mboni za macho zilikuwa zimepanuka, lakini zilisinyaa zilipomulikwa. Vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo havikuonyesha ugonjwa. Virusi vilitafutwa bila kuonekana, na chakula kilichunguzwa kwa hofu ya sumu, lakini hakuna iliyopatikana. Madaktari walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa cha kisaikolojia.

Maelezo ya sababu

Leo hali hii huitwa ugonjwa wa kisaikolojia wa umati. Dalili za mwili huonekana kwa watu wengi wanaoishi pamoja, bila kijidudu wala sumu, na huenea kwa kuona na kusikia. Mwaka 1987 daktari wa akili Mwingereza Simon Wessely alitofautisha aina mbili. Ya kwanza huja na kuisha haraka, kwa mfano watu kuzimia kwa kuogopa harufu. Ya pili huhusu mijongeo ya mwili, huanza polepole na hudumu wiki au miezi, hasa pale watu wanapoishi katika shinikizo wasiloweza kulikimbia wala kulisema. Kashasha hulingana na aina ya pili.

Shinikizo gani hasa liliwaelemea wasichana wale limeelezwa kwa namna mbalimbali: nidhamu ya bweni, mvutano kati ya malezi ya nyumbani na ya shuleni, na matumaini makubwa ya wakati wa uhuru. Mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann, aliyeandika juu ya tukio hili mwaka 2007, alisisitiza kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi, na hakikuhusiana na mzaha wowote.

Katika masomo ya sayansi ya neva

Nchini Tanzania mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukutana na sayansi ya neva hasa ndani ya masomo ya udaktari, kwa mfano Muhimbili mjini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza: kwanza katika anatomia na fiziolojia, baadaye katika magonjwa ya neva na ya akili. Kisa cha Kashasha kinaunganisha masomo hayo yote.

Kwanza, kinafundisha kwamba kicheko si kitu kimoja. Kicheko cha makusudi huanzia sehemu za mbele za gamba la ubongo zinazoongoza misuli. Kicheko kinachojitokeza chenyewe hutegemea sehemu za ndani zaidi, zikiwemo amigdala, haipothalamasi na shina la ubongo. Ndiyo sababu mtu anaweza kucheka asipotaka.

Pili, kinafundisha utaratibu wa kutafuta chanzo. Kuna kifafa cha kucheka, ambacho mara nyingi hutokana na uvimbe wa haipothalamasi. Kuna pia kicheko na kilio kisichozuilika baada ya kiharusi. Mimea yenye atropini hupanua mboni na kuvuruga akili, lakini mboni hizo hazisinyai vizuri kwenye mwanga. Uambukizo wa ubongo kwa kawaida huleta homa na kubadili maji ya uti wa mgongo. Mwanafunzi akizipanga dalili za Kashasha mbele ya orodha hii, huona kwa nini madaktari walifikia walipofikia.

Tatu, kinafundisha mpaka wa vipimo. Vipimo kuwa safi hakumaanishi kwamba mgonjwa anajifanya. Ubongo wenye shinikizo unaweza kutoa dalili za kweli bila kidonda kinachoonekana.

Umuhimu wa leo

Matukio ya wanafunzi kupiga mayowe au kuanguka kwa pamoja bado hutokea mara kwa mara katika shule za Afrika Mashariki, na mara nyingi huitwa mapepo. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kuondoa kwanza uwezekano wa sumu na uambukizo, kuwatenga wagonjwa na watazamaji, kuwatuliza, kutowaadhibu wala kuwacheka, kisha kutafuta jambo linalowaelemea shuleni.