Wimbo, Redio na Dola nchini Rwanda

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338 tu, na karibu watu wake wote wanaelewana kwa lugha moja, Kinyarwanda. Mambo haya mawili yameipa redio ya nchi hiyo nguvu ambayo redio nyingi za majirani hazina. Nchini Kenya vituo vya lugha za mama vimegawana wasikilizaji, hata kibao kinachovuma Nyeri kikaweza kupita bila kusikika Kisumu. Nchini Rwanda wimbo uliopigwa asubuhi mjini Kigali hueleweka siku hiyo hiyo kutoka Byumba hadi Cyangugu, ubeti kwa ubeti, mafumbo yake yakiwemo. Kwa hiyo mjadala kuhusu muziki wa Rwanda hauwezi kutenganishwa na swali la nani ameshika mitambo ya kurushia matangazo. Waandishi wengi wamemweka mtunzi katikati ya mjadala huo. Ushahidi wa miaka zaidi ya 30 unaelekeza kwingine: anayestahili kuulizwa kwanza ni mwenye redio.

Radio Rwanda ilianza matangazo mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kwa miongo mitatu ilikuwa redio pekee ya taifa. Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka mwaka 1973, na miaka miwili baadaye akaanzisha MRND kuwa chama kimoja. Nyimbo na ngoma za kukisifu chama zikawa wajibu katika tarafa na makazini, kwa mfano ulioigwa kwa Mobutu wa Zaire. Muziki wa starehe nao ulikuwa na nafasi yake. Orchestre Impala na bendi nyingine zilipiga muziki wenye mahadhi ya rumba ya Kikongo kwa maneno ya Kinyarwanda, na sifa zao zilienea vilimani kupitia redio hiyo hiyo ya serikali. Katika mazingira hayo Simon Bikindi, mtumishi wa wizara ya vijana na kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Irindiro, alitunga Twasezereye mwaka 1987 kwa sherehe za miaka 25 ya uhuru. Wimbo ulishangilia kuagwa kwa utawala wa kifalme. Uliposikika tena miaka ya 1990, nchi ikiwa vitani na mazungumzo ya amani yakiendelea Arusha, maneno yalikuwa yale yale, lakini kuukumbusha umma habari za wafalme wa Kitutsi kulikuwa na shabaha mpya.

Mfumo wa vyama vingi uliruhusiwa tena mwaka 1991. Machi 1992 Radio Rwanda ilirudia mara kadhaa kusoma taarifa iliyodaiwa kutoka kwa kundi la haki za binadamu lililoko Nairobi, ikisema kwamba viongozi wa Kihutu wamepangiwa kuuawa. Baada ya matangazo hayo mamia ya Watutsi waliuawa katika eneo la Bugesera. Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyeongoza idara ya habari ya serikali, akaondolewa kazini, na baada ya serikali ya mseto kuundwa redio ya taifa ikapunguza ukali. Watu wa msimamo mkali walioona chombo kinawaponyoka wakaamua kujenga chao. Radio Télévision Libre des Mille Collines, RTLM, ilianza kusikika tarehe 8 Julai 1993, chini ya mwezi mmoja kabla ya Mkataba wa Arusha kutiwa saini tarehe 4 Agosti. Ilikuwa kampuni ya hisa, na Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na mfanyabiashara Félicien Kabuga walikuwa miongoni mwa vigogo wake. Rais Habyarimana mwenyewe alikuwa na hisa.

Mvuto wa RTLM haukutokana na siasa. Radio Rwanda ilisoma taarifa kwa sauti ya ofisini, ilhali kituo kipya kilizungumza kama watu wanavyozungumza baa. Mtangazaji Kantano Habimana alitania, wasikilizaji walipiga simu, muziki wa Zaire ulitawala saa baada ya saa, na vijana wakaanza kutembea na redio masikioni. Chuki iliingia katikati ya starehe hiyo. Hapa pana jambo linalopuuzwa mno katika maandishi kuhusu kituo hiki: nyimbo nyingi zilizopigwa hazikuwa na siasa hata chembe, na bila hizo maneno ya watangazaji yasingepata wasikilizaji. Nyimbo za mapenzi ziliwavuta watu, na msikilizaji aliyekwisha kuvutwa akawekewa Nanga Abahutu, tungo ya Bikindi inayowalaani Wahutu wanaowasaliti wenzao, au Bene Sebahinzi, inayowaita wana wa mkulima kushikamana.

Kiasi cha athari ya redio hiyo kimebishaniwa sana. Sensa ya 1991 ilionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya kaya zilikuwa na redio. Scott Straus, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alieleza kwamba mahali na wakati ambapo mauaji yalianza havilingani vizuri na maeneo RTLM ilikosikika, na kwamba wauaji wengi walivutwa ana kwa ana na viongozi na majirani. David Yanagizawa-Drott, aliyelinganisha vijiji vilivyopata mawimbi na vile vilivyofichwa na milima, alikadiria mwaka 2014 kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika ukatili ulitokana na matangazo hayo. Matokeo hayo mawili hayapingani kama inavyodhaniwa. Redio haikuanzisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo tangu Aprili hadi Julai 1994 yaliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Yaliandaliwa na dola, jeshi na makundi ya wanamgambo wa Interahamwe. Lakini asilimia 10 ya ushiriki katika maafa ya ukubwa huo ni maelfu kwa maelfu ya watu, na hakuna kituo kinachoweza kujificha nyuma ya asilimia 90 zilizobaki.

Kesi iliyolipima suala la wimbo kwa kina kuliko zote ni ile ya Bikindi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, na upande wa mashitaka ukajenga sehemu kubwa ya kesi yake juu ya nyimbo tatu. Wataalamu wa lugha na utamaduni walivutana kortini kuhusu mafumbo yake. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi zilitungwa ili kueneza propaganda dhidi ya Watutsi na kuchochea chuki ya kikabila, na kwamba nyimbo hizo zilitumiwa hewani mwaka 1994 katika kampeni ya uchochezi. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa sababu ya nyimbo hizo. Nyimbo zote zilitungwa kabla ya 1994, mwaka pekee ambao mahakama hiyo ilikuwa na mamlaka juu yake, na haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyeamua zipigwe redioni. Aliondoka nchini siku chache kabla ya mauaji kuanza, akawa Ulaya na kikundi chake hadi Juni. Kilichompeleka gerezani kwa miaka 15 ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994 katika kipaza sauti juu ya gari, kwenye barabara ya Kivumu na Kayove, akiwataka watu wawaangamize Watutsi waliosalia. Rufaa ya mwaka 2010 haikubadilisha kitu.

Hukumu hiyo imelaumiwa na wanaoona kwamba ilimwachia msanii mlango wa kutorokea. Lawama hiyo haina uzito inaotajwa kuwa nao. Majaji hawakusema nyimbo hazina hatia. Walisema hatia ya kuzifanya silaha haikuthibitishwa kwa mtunzi. Hatia hiyo ilikuwa na wenyewe, na walishitakiwa katika kesi nyingine, ile ya vyombo vya habari. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilifuta baadhi ya makosa ya Nahimana na kumpunguzia kifungo cha maisha hadi miaka 30, lakini ikambakishia kosa la kushindwa kuwazuia au kuwaadhibu watumishi wa RTLM kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Aliyekuwa na uwezo wa kuinyamazisha redio na asiinyamazishe ndiye aliyewajibishwa. Mgawanyo huo wa wajibu ulistahili kuwa msingi wa sera ya utangazaji ya Rwanda mpya.

Ni muhimu pia kutosahau kwamba muziki wa Rwanda ulikuwa miongoni mwa waliouawa. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeanzisha kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao kadhaa. André Sebanani wa Impala, ambaye pia sauti yake ilijulikana kwa michezo ya Radio Rwanda, aliuawa mwaka huo huo, na mwimbaji Rodrigue Karemera vilevile.

Serikali iliyoongozwa na RPF, chama kilichoshika madaraka baada ya mauaji ya kimbari, haikufungua masafa kwa haraka, na ni vigumu kuilaumu kwa hilo. Vituo binafsi vilirudi mwaka 2004 tu. Kizazi kipya cha wasanii kikapata nafasi, na tangu 2011 shindano la Primus Guma Guma Super Star, lililodhaminiwa na kiwanda cha bia, likawatoa Tom Close, King James, Riderman na wengine. Ni muziki wenye ustadi, na kwa sehemu kubwa ni wa mapenzi, sherehe na uzalendo. Mikutano ya kampeni ya RPF haikosi wasanii wakubwa jukwaani. Mpinzani hapati wa kulingana nao.

Mpaka wa uhuru wa wasanii ulionekana kwa Kizito Mihigo. Alikuwa manusura wa mauaji ya kimbari, mpiga kinanda wa kanisa aliyesomea muziki Paris, na sauti iliyozoeleka katika kumbukumbu za kitaifa za kila Aprili. Machi 2014 alitoa Igisobanuro cy'Urupfu, wimbo wa dini uliotaka huruma iwafikie pia waliouawa kwa njia zisizoitwa mauaji ya kimbari. Wimbo ukaondolewa hewani. Mwezi uliofuata alikamatwa, na Februari 2015 akahukumiwa miaka 10 kwa kula njama dhidi ya serikali. Alisamehewa Septemba 2018. Februari 2020 alikamatwa tena karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 akakutwa amekufa katika kituo cha polisi cha Remera. Polisi walisema amejiua. Mashirika ya haki za binadamu yalitaka uchunguzi huru, nao haukufanyika.

Watetezi wa serikali husema kwamba nchi iliyowahi kuwa na RTLM haiwezi kuachia redio ovyo. Hoja hiyo ni ya haki inapohusu uchochezi. Lakini Bikindi wa barabarani aliwataka watu waue, na Mihigo aliwaombea wafu. Sheria ya 2008 dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari ilikuwa pana mno hata isiweze kutenganisha mambo ya namna hiyo. Marekebisho ya 2013 yaliiboresha kwa kudai dhamira ithibitishwe, na sheria mpya ikafuata mwaka 2018. Tofauti ambayo majaji wa Arusha walihangaika kuichora, kati ya hisia, propaganda na amri ya kuua, haijapata makao katika uamuzi wa nini kipigwe redioni. Uamuzi huo hautolewi mahakamani wala hauandikiwi sababu.

Katika miaka ya karibuni mabishano yamehamia YouTube, ambako nyimbo za Mihigo zinasikilizwa bila kibali cha kituo chochote. Dola imezifuata sauti huko pia. Mwaka 2021 Yvonne Idamange, manusura aliyeikosoa serikali katika video zake, alihukumiwa miaka 15, na Dieudonné Niyonsenga, mwenye chaneli ya Ishema TV, akahukumiwa miaka 7.