Elfu nane si ya kila injini: stori ya tapeti tangu 1930

Leo naanza na jamaa mmoja wa hapa mjini, jina naliweka kapuni. Aliuza kiwanja akavuta Skyline R33 yenye RB25. Kijiweni wakamjaza upepo kwamba "Skyline zote zinapiga elfu nane". Akalipa mtu amtolee kikomo cha mizunguko kwenye kompyuta ya gari. Wiki haikuisha, injini ikanoki. Kiwanja hakipo, na gari iko juu ya mawe.

Kosa lake liko kwenye kitu kidogo ambacho mafundi wetu wanakiita tapeti.

Zamani tapeti zilikuwa chuma kitupu. Chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo lazima uache nafasi ndogo, na hiyo nafasi ndiyo inayopiga kelele za tik tik tik. Mwaka 1930 Cadillac wakatoa gari la matajiri lenye silinda 16, wakatumia presha ya oili kuziba ile nafasi. Injini ikawa kimya, na hakuna cha kuseti kila mara. Baadaye magari mengi ya kawaida yakafuata mtindo wa oili.

Ila wapenda mbio hawakuacha chuma. Mwaka 1967 Chevrolet walitoa Camaro Z/28 kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am huko Marekani, ambako injini haikuruhusiwa kuzidi lita 5. Injini ndogo lazima izunguke sana ndiyo itoe nguvu, kwa hiyo wakaipa tapeti za chuma.

Sababu ni hii. Ukizidisha mizunguko, springi inashindwa kuirudisha vavu kwa wakati. Tapeti ya oili ikikuta uwazi hapo, inajijaza oili kuuziba. Sasa vavu inabaki wazi kidogo, nguvu inakata. Mbaya zaidi, vavu na pistoni zinaweza kugongana.

Nissan nao walilijua hilo. RB26 ya GT-R ya 1989 ina tapeti za chuma, na mstari wake mwekundu uko 8000. RB25 ya R33 ni ya oili. Ukoo mmoja, tabia tofauti! RB25 Neo ya R34, mwaka 1998, nayo ikawa ya chuma.

Lakini usikimbilie kubadili tapeti peke yake. Chuma bila springi ngumu haisaidii kitu, na kemshafti lazima iendane na tapeti zake. Konrodi na pampu ya oili nazo zina mwisho wake. Kikomo salama ni cha kile kifaa dhaifu kuliko vyote humo ndani. Na kama nguvu inaanza kushuka kwenye 6800, unaenda 8000 kutafuta nini?

Yule jamaa siku hizi anapanda daladala. Nikimuona hapo kituoni namsalimia tu, stori ya gari siigusi.

Wewe yako ni ya chuma au ya oili? Tiririka hapo chini.