Picha Zetu za Zamani: Tuandike Majina Wangalipo Wenye Kuyajua



Mara nyingi michango yetu huenda kwenye vitu vinavyoonekana: madawati, mabati ya zahanati, kisima. Hayo yote yaendelee. Mwaka huu tunaongeza ombi moja ambalo gharama yake ni ndogo, lakini haliwezi kungoja miaka mingine kumi. Tunataka kukusanya nakala za picha za zamani za mji wetu, na kuandika majina ya watu waliomo.

Kuna atakayeuliza: historia ya Pangani si imeshaandikwa? Ni kweli, mji huu hauna uhaba wa historia. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuja hapa mdomoni mwa mto kusimamisha utawala wa kampuni yake. Watu wa mji na wa vijiji vya jirani wakamkatalia, na vita vilivyoanzia hapa vikaenea Mrima mzima, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wake mkubwa. Julai 1889 majeshi ya Hermann von Wissmann yaliuteka mji, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika salama ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, jirani na mji wetu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa nchi inayoongoza duniani kwa mkonge.

Tena, kwa upande wa maneno, watu wa pwani hii wamejiandikia wenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi wakati habari zake zikiwa bado mbichi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia.

Kwa upande wa picha hali ni tofauti. Picha nyingi za zamani za pwani yetu zilipigwa na wageni, kwa haja za wageni, na ziko kwao hadi leo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, makumi ya maelfu kwa idadi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani inazo picha za Walther Dobbertin, aliyezunguka nchi hii na kamera kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hiyo. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za tangu miaka ya 1860 hadi 1960. Sehemu kubwa ya hazina hizi sasa inaonekana kwenye intaneti bila malipo. Vijana wetu walioko Ulaya na Marekani wanaweza kuanza kutafuta hata kesho. Kwenye hazina za Kijerumani waandike "Deutsch-Ostafrika" pamoja na jina la mji.

Lakini mtakapoziona picha hizo mtagundua upungufu wake. Jina la ofisa wa Kizungu huandikwa kamili, pamoja na cheo chake. Watu wetu waliosimama pembeni yake huandikwa kwa aina tu: wenyeji, askari, wapagazi, mwanamke wa Kiswahili. Mpiga picha hakuuliza majina. Leo, baada ya miaka mia na zaidi, hakuna wa kumuuliza, na picha ya namna hiyo hata tukiletewa nyumbani haitatuambia yule mama aliyebeba mtungi alikuwa bibi wa nani.

Picha ambazo bado zinaweza kutuambia hayo ziko majumbani mwetu. Ziko kwenye fremu sebuleni, kwenye albamu, kwenye bahasha chini ya kanga kabatini. Ni picha za harusi, za maulidi, za timu za mpira, za madarasa ya shule, za siku za sherehe za Uhuru, za watu waliokwenda studio wakasimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Nyuma ya nyingine kuna muhuri wa studio, tarehe, au maneno mawili ya salamu. Picha hizo ni za miaka ya 1940, 1950, 1960 na kuendelea, na wapo wazee wetu wanaoweza kuitazama mojawapo na kusema: huyu ni fulani bin fulani, nyumba yao ilikuwa pale, na huyu wa pembeni alikwenda Unguja hakurudi. Mzee huyo akiondoka, picha inabaki na sura tu, kama zile za Frankfurt.

Ndiyo maana tunasema jina kwanza, mashine baadaye. Kijana mwenye daftari na penseli, akikaa na bibi yake jioni mbili, amefanya sehemu ngumu ya kazi hii.

Picha zenyewe nazo zina adui zake. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na uso wa picha huvimba, hushikana na kioo cha fremu, au huota ukungu. Mchwa tunawajua. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hupauka haraka kuliko nyeusi na nyeupe za kabla yake. Albamu zenye karatasi za gundi na plastiki juu, ambazo zilipendwa sana, gundi yake huila picha. Kwa hiyo tunawaomba: picha iliyoshikana msiibandue kwa nguvu, ipigwe nakala ikiwa hapohapo. Msiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli laini. Msiifungie kwenye plastiki ya moto, kwani haitatoka tena.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima tulikumbuke. Kamera haikuingia kila nyumba. Waliokuwa na uwezo wana albamu. Waliokuja kama manamba kukata mkonge, wakitoka bara na nchi za jirani, hawakuwa na nafasi ya studio. Wengi walibaki, wakaoa, na wajukuu wao ni wana-Pangani kama sisi. Vivyo hivyo wajukuu wa watu walioletwa hapa utumwani, kulima mashamba ya miwa na kupita sokoni. Tukikusanya picha za nyumba kubwa peke yake, tutakuwa tumerudia kosa la wale wageni. Kwa hiyo tunataka pia vipande vya kazi, kadi za chama, vyeti vya shule, picha ndogo za vitambulisho. Kwa familia nyingine, hiyo picha ya kitambulisho ndiyo sura pekee ya babu iliyobaki.

Na mji unabadilika. Daraja la kuvuka mto, sehemu ya barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani, ni neema tuliyoiomba kwa miaka. Lakini kivuko cha Bweni kilikuwa ndio mlango wa mji. Wavuvi, wanafunzi, wagonjwa na maharusi wamepita pale. Barabara huleta wageni, viwanja hupanda bei, nyumba za zamani hubomolewa. Hatuombi mji usimame. Tunaomba watakaokuja wajue ulikuwaje.

Kazi itafanyika hivi. Vijana wawili waliofundishwa watapita nyumba kwa nyumba, kwa mwaliko tu, wakiwa na skana na kompyuta. Picha asili haitatoka nyumbani kwa mwenyewe. Wapo waliowahi kuazima picha kwa wazee wetu wakaahidi kuzirudisha, na hazijarudi. Hatutaki hadithi hiyo ijirudie. Kila picha itapigwa kwa ubora wa kutosha kuchapishwa tena, upande wa mbele na wa nyuma. Mwenye picha ataeleza ni nani, wapi na lini, na maelezo yataandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Asipokumbuka, tutaandika "hajulikani", maana jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi tupu.

Mwenye picha pia ataamua. Ipo picha ya kuonyeshwa kwa wote, na ipo ya familia tu. Mama aliyepigwa picha siku ya harusi yake hakupiga kwa ajili ya macho ya dunia. Tutaheshimu hilo kwa maandishi. Nakala zitawekwa sehemu tatu: moja kwa familia, moja mjini Pangani, na moja nje ya mji, ili mafuriko au moto visizimalize zote kwa siku moja.

Tunahitaji skana, kompyuta moja, diski za kuhifadhia, bahasha na maboksi yasiyo na asidi, na posho ya vijana hao kwa miezi sita. Orodha kamili ya gharama iko kwa mweka hazina, na yeyote mwenye kutaka kuiona ataonyeshwa. Ukiwa na skana isiyotumika, hiyo ni mchango. Ukiwa na ujuzi wa Kijerumani wa kusoma maelezo ya picha za kule, huo ni mchango mkubwa zaidi.

Wakati harambee ikiendelea, kila mmoja wetu anaweza kuanza bila kungoja fedha. Piga simu nyumbani wiki hii. Mwombe shangazi, babu au mjomba atoe picha moja tu aliyonayo, akutajie waliomo mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Andika. Kisha tuletee.