Uwajibikaji Uliochelewa: Ubaguzi wa Rangi katika Timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse, 1970–2006

Historia ya futiboli ya Kimarekani vyuoni inaonyesha kwamba kuthibitisha ubaguzi ni jambo moja, na kuwajibika kwa ajili yake ni jambo jingine. Makala haya yanaifafanua hoja hiyo kwa kurejelea Chuo Kikuu cha Syracuse, jimboni New York.

Mwaka 1970 wachezaji Weusi tisa, ambao vyombo vya habari viliwaita kimakosa "Wanane wa Syracuse", waligoma kuhudhuria mazoezi ya majira ya kuchipua. Walidai msaada wa masomo sawa na wa wenzao Weupe, matibabu bora kwa timu nzima, nafasi uwanjani kutolewa kwa kuzingatia uwezo, na kuajiriwa kwa kocha Mweusi. Wengi wao hawakucheza msimu huo.

Desemba 1970 tume iliyoundwa na mkuu wa chuo ilithibitisha kuwepo kwa ubaguzi wa muda mrefu katika idara ya michezo. Hata hivyo, kocha Ben Schwartzwalder alibaki kazini hadi msimu wa 1973. Wachezaji hao walitunukiwa medali ya chuo mwaka 2006, yaani miaka 36 baadaye.

Huko Wyoming mambo yalikwenda vingine. Oktoba 1969 kocha Lloyd Eaton aliwafukuza wachezaji Weusi 14 waliomwendea wakiwa wamevaa vitambaa vyeusi mikononi. Walitaka kupinga, katika mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, sera ya Kanisa la Wamormoni iliyowanyima Weusi ukuhani. Bodi ya chuo ilimuunga mkono kocha, na wachezaji wakashindwa mahakamani. Chuo kiliomba radhi rasmi mwaka 2019.

Syracuse ilipata ukweli mapema, Wyoming ikaukataa. Lakini katika vyuo vyote viwili heshima ilirejeshwa baada ya wahusika kuzeeka. Kwa watunga sera, funzo liko wazi. Ripoti ya uchunguzi isiyotaja nani atachukua hatua, lini, na waliodhulumiwa watafidiwa nini, hubaki kumbukumbu ya kosa tu. Kuomba radhi hutuliza nyoyo. Kuwajibika hurejesha haki wakati mwenye haki angali anaweza kuitumia. Misimu waliyoikosa vijana hao hakuna medali iliyoirudisha.